Kutoka borsch ya Ukraine hadi chungu cha Ogwedhi: chakula cha asili kinalindwa vipi?

Mwezi wa Julai 2022, vita vikiwa vimepamba moto nchini Ukraine, shirika la UNESCO liliutia upishi wa supu moja katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka. Supu hiyo huitwa borsch. Hupikwa kwa bitiruti, ile mboga nyekundu ya mviringo inayoacha rangi mikononi, pamoja na kabichi, viazi, vitunguu na mara nyingi nyama. Ikiiva hutiwa malai yaliyochachuka juu yake.

Kuna waliocheka. Watu wanakufa, wao wanazungumza habari ya supu! Lakini sababu iliyotolewa ilikuwa nzito. Watu wakikimbia makwao na mashamba yakiharibika, wapishi hutawanyika. Mama anayejua kupika hana tena bitiruti ya bustani yake, na binti aliyepaswa kujifunza yuko kambini katika nchi nyingine. Miaka ikipita, jina la chakula hubaki na ujuzi wake hupotea.

Wengi wetu hatujui kwamba miezi saba kabla ya hapo, Desemba 2021, UNESCO ilikuwa imeitaja Kenya yetu hii. Kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya kienyeji na kulinda desturi za mapishi iliwekwa katika rejesta ya mifano bora ya kulinda urithi, ili nchi nyingine zijifunze kwetu. Kazi yenyewe ilianza mwaka 2007. Wataalamu wakishirikiana na jamii waliorodhesha mimea ya asili ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, na watoto wa shule za msingi wakafundishwa kuhusu vyakula vya kwao. Habari hiyo ilipita kimya. Siku hizo tulikuwa tukizungumza bei ya unga.

Leo nataka nikupeleke mbali na bahari yetu, mpaka Ogwedhi, ili tuone chakula kinachozungumzwa ni kipi hasa na kimo hatarini kwa namna gani.

Ogwedhi na majirani zake

Ogwedhi ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kaunti ya Narok upande wa Trans Mara. Wajaluo ndio wengi, Wamaasai ni majirani wa upande wa pili wa mpaka, na Wakuria hawako mbali. Ziwa Victoria liko upande wa magharibi, na kaskazini kuna Kaunti ya Homa Bay yenye miji ya ufuoni kama Mbita na Kendu Bay. Kendu Bay, kwa faida ya msomaji Muislamu, ina jamii kongwe ya ndugu zetu katika imani, na pilau huko si kitu kigeni.

Mahali kama hapa ni darasa zuri la chakula kwa sababu nyanda tatu zinakutana. Samaki huja kutoka fuo za ziwani kama Muhuru Bay na Karungu. Nafaka, muhogo, viazi vitamu na mboga hutoka mashambani. Ng'ombe na maziwa ni fahari ya wafugaji. Hakuna jamii inayojitosheleza peke yake. Mfugaji anahitaji unga, mkulima anahitaji maziwa, na wote wawili wanahitaji mvuvi.

Kuon: ugali kabla ya mahindi

Mjaluo huita ugali kuon. Mgeni akikaribishwa na asipoona kuon mezani, hata akila mkate na wali akashiba, mwenyeji atahisi hajamlisha.

Lakini ugali mweupe tunaoujua leo ni mgeni. Mahindi yaliletwa Afrika kutoka Amerika, yakapitia pwani hii hii yetu wakati wa Wareno, na yakatawala mashamba ya bara katika karne ya 20. Kabla ya hapo kuon ilikuwa ya bel, yaani mtama, au ya kal, yaani wimbi. Katika Nyanza ya kusini mtama huchanganywa na muhogo mkavu, ukasagwa pamoja. Ugali wake huwa wa rangi ya udongo, huvutika kidogo, una uchachu wa mbali na hukaa tumboni muda mrefu. Anayekwenda kulima mchana kutwa anajua maana ya chakula kinachokaa tumboni. Wimbi nalo lina chokaa nyingi ya mifupa kuliko nafaka nyingi nyingine, ndiyo maana uji wake, nyuka, ulipewa mzazi na mtoto anayeachishwa ziwa.

Hapo hapo tuonje kitu cha Ukraine. Katika milima ya Carpathia, magharibi mwa nchi hiyo, wanaishi watu wanaoitwa Wahutsul ambao ni wafugaji wa kondoo. Chakula chao kikuu huitwa banosh, nacho ni unga wa mahindi uliosongwa kwa malai yaliyochachuka na kuliwa na jibini ya kondoo. Mwite mama wa Ogwedhi aonje, atakwambia huu ni ugali na maziwa mala, ila mikono ya mpishi imekuwa laini mno. Mahindi yalivuka bahari yakafika Kisumu na yakafika Carpathia, na kila mahali yakakuta wafugaji wenye maziwa wakayaoa.

Basi tusidanganyike kwamba chakula cha asili lazima mbegu yake iwe ilizaliwa hapa. Viazi vya borsch asili yake ni Amerika. Mchele wa biriani yetu ulivuka bahari. Chakula huwa cha watu wanapokuwa na namna yao ya kukilima, kukipika, kukigawa na kukifundisha.

Samaki: yule wa meza na yule wa fremu

Ukitaja vyakula vya Wajaluo, mtu wa Mombasa atasema samaki, na hajakosea. Ila samaki wa ziwa wana madaraja yao. Ngege ni mtukufu. Huchemshwa mzima na kichwa chake, akatiwa nyanya na kitunguu kidogo, na mchuzi hunywewa. Mumi ni kambare, kamongo ni yule kambare mamba mwenye pumzi mbili, ningu ni wa mito. Omena ndio dagaa, huanikwa juani wakakauka kisha hukaangwa au hutiwa mchuzini. Kwa kuwa huliwa na mifupa yao, nao wana chokaa ya kutosha. Mbuta ndiye sangara.

Samaki akipasuliwa katikati, akafunguliwa kama kitabu na kuanikwa juani, huitwa obambla. Mpwani yeyote atamtambua mara moja. Huyo ni ndugu wa ng'onda. Bibi zetu wa Lamu na bibi zao wa Mbita hawakukutana, lakini walikuwa na jua, samaki na siku za mbele za kuhofia, wakafikia jibu moja.

Mbuta ana kisa chake. Hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na akawala wadogo. Aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwani waliokuwa mboga ya kila siku, zikatoweka au kubakia chache. Ngege wa asili naye akapungua. Upande mwingine, mbuta alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni. Minofu hupelekwa nje, na fremu, yaani kichwa na mifupa iliyobakiwa na nyama kidogo, hurudi sokoni ikakaangwa na kuuzwa kwa wenye ziwa. Watu wakaipa jina lisilohitaji kufafanuliwa: mgongo wazi.

Omena nao wana mashindano. Sehemu kubwa ya wanaovuliwa husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa ili wazaane, jambo la busara, lakini nje ya miezi hiyo mama mwenye watoto sita hushindana na mfanyabiashara wa lori kwa gunia lile lile. Kwa hiyo tunaposema chakula cha Wajaluo ni samaki, tuulize vilevile ni samaki gani, na ni sehemu gani ya samaki inayofika mezani.

Mboga chungu na akili ya maziwa

Hapa ndipo penye elimu kubwa zaidi, na ndipo palipodharauliwa zaidi. Osuga ni mnavu wetu. Dek ni mgagani. Apoth ni mrenda. Boo ni majani ya kunde, ododo ni mchicha, susa ni majani ya maboga, na mitoo ni mboga ya jamii ya marejea. Wapwani tunazo karibu zote, tukaongeza na mchunga wetu ulio mchungu kama shubiri.

Upishi wake unataka subira. Dek na osuga ni chungu, kwa hiyo huchambuliwa, huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hutiwa maziwa na kuachwa katika agulu, chungu cha udongo, hadi kesho yake. Siku ya pili hupashwa na kuongezwa maziwa, na siku ya tatu vivyo hivyo. Kila siku uchungu hupungua na utamu huingia. Wengine humalizia kwa samli au njugu zilizosagwa. Apoth huvutika, nayo hutiwa magadi au maji ya majivu yaliyochujwa ili ilainike, na mara nyingi huchanganywa na mboga ngumu kama mitoo au boo ili moja ibebe nyingine. Mpishi wa zamani hakujua vitamini wala madini kwa majina hayo, lakini alijua mboga gani humfaa mzazi na mboga gani haiendi peke yake.

Kisha kikaja kizazi kilichoona haya. Mboga hizi zikaitwa magugu, chakula cha maskini, cha wasiokuwa na pesa ya kununua kabichi. Mtoto shuleni akafungua bakuli lake kwa kificho. Waliosaidia kugeuza mambo ni pamoja na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 ametafiti mboga za Kiafrika, lishe yake na mbegu zake. Leo managu, saga na terere zimo katika maduka makubwa ya Nairobi, zimefungwa vizuri, kwa bei ambayo yule aliyechekwa zamani huenda asiimudu. Heshima imerudi, alhamdulillahi, lakini tuangalie isije ikarudi na kumpita mwenye nayo.

Nyama, maziwa na mpaka

Nyama katika nyumba za asili si ya kila siku. Ikichinjwa ng'ombe, sehemu huliwa na sehemu huhifadhiwa. Aliya ni nyama iliyokatwa vipande virefu na kukaushwa juani. Athola ni nyama inayobanikwa kwanza motoni kisha ikachemshwa polepole ikabaki na harufu ya moshi. Sisi Waislamu tutauliza kwanza nani amechinja, na hilo haliharibu urafiki. Mwenyeji muungwana wa bara hukuita wewe ushike kisu.

Upande wa Wamaasai, maziwa ndiyo maisha. Huhifadhiwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la mzeituni mwitu. Maziwa yakigandia humo hupata harufu ya moshi na hukaa siku nyingi bila friji. Huwezi kukiita kibuyu hicho chombo duni. Kinafanya kazi ambayo kiwanda huifanyia mitambo.

Mpaka huu umewahi kuona wizi wa mifugo na mapigano, na watu wamepoteza roho. Siku ya vurugu, soko hufungwa. Maziwa humwagika upande mmoja, mahindi na viazi hukosa mnunuzi upande wa pili, na dek hukosa yale maziwa ya kulegeza uchungu wake. Kwa mtu wa Ogwedhi, amani ni kiungo cha mboga kama ilivyo chumvi. Hilo Waukraine wamelijua kwa njia chungu zaidi.

Sahani ya Ukraine na chapati yetu

Tuirudie kidogo sahani yao. Mbali na borsch, wana varenyky, ambazo ni kama sambusa za kuchemsha zenye viazi, kabichi au matunda ndani. Wana holubtsi, majani ya kabichi yaliyoviringwa yakiwa na mchele na nyama. Wana salo, mafuta ya nguruwe, ambayo sisi tutayapisha yapite. Na wako Waislamu miongoni mwao, Watatari wa Krimea, ambao cheburek yao ya unga na nyama ya kukaanga ingeuzika Marikiti bila maelezo. Watu hao walihamishwa kwa nguvu na serikali ya Stalin mwaka 1944, wakapelekwa Asia ya Kati, na wengi hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Walikwenda na vyakula vyao, wakarudi navyo.

Nchi hiyo hiyo, yenye ardhi nyeusi iliyosifika kwa ngano, ilikumbwa na njaa ya mwaka 1932 na 1933 iliyoua mamilioni, wakati serikali ya Kisovieti ilipokuwa ikichukua nafaka za wakulima. Hivyo wanaposema mkate ni kitu kitakatifu, hawatungi shairi.

Nasi tumefungwa nao kwa uzi usioonekana. Kenya hailimi ngano ya kujitosheleza. Huagiza sehemu kubwa, na kwa miaka mingi Urusi na Ukraine zimekuwa miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa. Vita vilipoanza Februari 2022 na meli zikazuiliwa katika Bahari Nyeusi, bei ya unga wa ngano ilipanda huku kwetu. Chapati za Migori zikawa nyembamba, mahamri ya Mombasa yakawa madogo. Mtama, wimbi na muhogo havikupitia Bahari Nyeusi. Simwambii mtu aache chapati, nami naipenda. Nasema nyumba yenye nguzo moja ya ngano na nyingine ya mahindi hutikisika upepo mmoja ukivuma, na wazee wa Ogwedhi walikuwa na nguzo sita au saba.

Orodha haipiki

Kuandikwa UNESCO ni jambo jema, lakini lina mipaka. Shirika lenyewe lilieleza kwamba kuitia borsch katika orodha hakumpi mtu umiliki wake. Majirani wa Ukraine nao huinywa. Orodha haiwezi kurudisha fulu ziwani wala kufungua soko siku ya mapigano. Inachofanya ni kutuondolea haya, na kuziambia serikali kwamba jambo hili si mchezo wa jikoni.

Kazi yenyewe iko karibu nasi. Serikali za kaunti zinaweza kununua mboga za kienyeji na nafaka za mkulima kwa ajili ya chakula cha shule, mtoto akala na mkulima akauza. Wauzaji wa mbegu wanaweza kuuza mbegu za osuga na apoth kama wanavyouza za kabichi. Wenye hoteli za Migori, Homa Bay na hata Malindi wanaweza kuandika vyakula hivi kwa majina yake kwenye ubao, badala ya kuviita mboga tu.

Wala si kila desturi ya kale irudi. Zamani kuku alikatazwa mwanamke katika nyumba nyingi za Kijaluo. Chungu hatujakivunja, mwiko huo umekufa, na hakuna anayeulilia. Kulinda urithi ni kuchagua vilevile.

Kwako wewe msomaji, nakuomba jambo dogo. Fikiria chakula kimoja kilichokuwa kikipikwa kwenu na sasa hakipikwi, iwe ni Ogwedhi, Kwale au Lamu. Andika jina lake, mbegu au samaki wake anatoka wapi, na nani aliyebaki nyumbani kwenu anayejua kukipika. Kama mtu huyo yuko hai, mtembelee wiki hii, uingie jikoni naye.